Saini ya Mlezi

Masouda alipotia saini ya mumewe kwenye ile fomu, mkono haukumtetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha baadaye. Aliilaza karatasi juu ya mashine ya kufulia, akaivuta siin ndefu ya Kiarabu, akaikunja herufi ya waw, akaishusha daal kama ndoana, vile vile anavyofanya Suud mwenyewe. Saini ile alikuwa ameiona kwa miaka kumi na minane, kwenye ripoti za watoto, kwenye bili za umeme, kwenye karatasi za benki. Tena yeye alikuwa karani wa mapokezi kwenye kituo cha afya hapo Al Amerat, mji wa mlimani. Kutwa watu walikuwa wakitia saini zao mbele ya macho yake.

Hadeel, binti yake mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule. Nje basi la shule lilikuwa linapiga honi.

"Baba akijua?"

"Atajulia wapi? Tia mkobani, nenda."

Fomu ilikuwa imeingia nyumbani siku tatu kabla, mwanzo wa muhula wa pili wa mwaka 2005. Chuo kimoja cha binafsi cha mjini kilikuwa kimekubaliana na shule ya kina Hadeel. Wasichana kumi na wanane wa darasa la kumi na moja, wale wenye maksi za juu, wangebaki shuleni alasiri mbili kwa wiki, na mwalimu wa chuo angekuja kuwasomesha masomo mawili ya mwaka wa kwanza wa chuo. Atakayefaulu ataandikiwa saa sita za chuo. Yaani siku akimaliza sekondari na kuingia chuoni, masomo yale mawili keshayamaliza, hayarudii tena. Kilichotakiwa ni saini ya mlezi tu.

Suud aliisikiliza habari hiyo huku anakula, na alipomaliza kusikiliza aliweka kijiko chini.

"Wanataka riali ngapi?"

"Hawataki kitu, baba. Bure."

"Bure," Suud akasema, kama mtu anayejaribu jino bovu kwa ulimi. "Chuo kinachouza masomo, watu wanakopa benki kusomeshea watoto wao, leo kinapanda mlima kuja Amerat kugawa bure? Kwa nini?"

"Labda wanatafuta wanafunzi wazuri," Masouda akasema.

"Labda. Na labda wanatafuta jina langu chini ya karatasi yao. Mie ghalani kwangu, kila anayeniletea kitu cha bure huja na karatasi ya kutia saini. Na huyo mwalimu, mwanamume au mwanamke?"

"Hatujaambiwa," Hadeel akasema.

"Basi nishajibu."

Suud alikuwa mtunza ghala wa wizara. Alikuwa mtu mwema aliyeamini kuwa kila mtu anataka kumuibia, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulinda vitu vya serikali, mara nyingine ilitokea kuwa kweli. Masouda hakubishana naye. Lakini mwezi uliopita kituoni kwao alikuwa ameletwa msichana wa miaka ishirini na mbili kuwa mkuu wake, kwa kuwa ana diploma. Masouda ndiye aliyemfundisha kazi, na siku ya pili msichana yule alimwambia, kwa adabu kabisa, awe anamwita ustadha, kama mwalimu wake.

Basi akatia saini. Suud aliambiwa kuwa Hadeel anabaki shuleni kwa masomo ya ziada ya fizikia, akasema vyema, fizikia inamtaka bidii.

*

Mambo yalikwenda hivyo kwa wiki tano. Siku ya Jumanne ya wiki ya sita, Suud alirudi kutoka msikitini baada ya magharibi, akavua viatu mlangoni, asitoe salamu.

"Nimekutana na Bakhit," akasema.

Bakhit alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, na binti yake, Jumana, alikuwa darasa moja na Hadeel.

"Ananiambia, mashallah sheikh, binti zetu wamekuwa wa chuo. Mbele ya watu. Nikacheka kama nnajua. Nimesimama pale nnacheka kama mpumbavu, Masouda, wala sijui nnachekea nini."

Masouda alikuwa na sinia ya mchele mapajani, anachambua. Mikono yake iliendelea na kazi peke yake.

"Hadeel!" Suud akaita. "Njoo. Leta daftari na kalamu."

Hadeel alikuja akaketi mezani. Wadogo zake wawili walitolewa sebuleni, televisheni ikazimwa.

"Unasoma fizikia?"

"Hapana, baba."

"Unasoma nini?"

"Masomo ya chuo."

"Nani katia saini?"

Hadeel akalitazama daftari. Masouda alingoja mtoto ainue macho amtazame yeye, na alijua kuwa yakiinuka tu mambo yamekwisha. Hayakuinuka.

"Haya," Suud akasema. "Niandikie saini yangu."

"Baba..."

"Iandike."

Hadeel akaandika. Ilitoka mbovu, siin fupi, daal imesimama wima. Suud aliitazama kwa karibu, miwani puani.

"Unajifanya hujui. Iandike tena."

Mara kumi na mbili alimwandikisha. Kila moja ilikuwa mbovu kwa namna yake, na kila ilivyozidi kuwa mbovu Suud alizidi kuamini kuwa anadanganywa, maana mtoto mwenye maksi tisini hawezi kushindwa kunakili jina la baba yake. Mwisho alilisukuma daftari hadi kwa Masouda.

"Hebu tazama weye. Wewe unatazama saini za watu kutwa. Hii si mikono ya mtu anayejificha?"

Masouda alitazama. Alijua hasa ni wapi mtoto amekosea.

"Sijui," akasema.

"Ni Jumana aliyekutilia?" Suud akamgeukia Hadeel. "Ndiyo maana baba yake ananichekea?"

"Si Jumana."

"Basi nani?"

Hadeel akalifunga daftari. Suud akanyoosha mkono, Hadeel akamkabidhi simu yake, akaenda chumbani. Hakulia, wala hakuubamiza mlango. Masouda aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele ambao ulikuwa umeshakuwa safi kitambo.

*

Jumatano Suud alimpeleka Hadeel shule mwenyewe kwa gari, akapiga simu ofisi ya shule kuuliza fomu ya binti yake ina saini ya nani. Waliomjibu walimwambia aje Jumamosi yeye na mkewe. Suud akaona hilo nalo lina jambo. Kama fomu ni safi, kwa nini wasiseme kwenye simu? Jioni alikagua mkoba wa Hadeel, akatoa kitabu kimoja kimoja, akakuta makala ya Kiingereza ya kurasa mbili yenye maandishi mekundu pembeni. Hakuelewa, akamtaka Masouda amsomee. Masouda alisoma: mwalimu anasema hoja ni nzuri lakini inahitaji ushahidi.

"Ushahidi wa nini?"

"Wa hoja, Suud. Ndivyo wanavyosomeshwa."

"Mwalimu anajiita Sabah. Sabah mwanamke au mwanamume? Jina hilo wapo wote wawili."

"Mwanamke."

"Umejuaje?"

Masouda akazikunja zile kurasa. "Kaniambia Hadeel," akasema, na kwa hilo hakuwa anadanganya.

Ijumaa walikwenda Hail kula cha mchana kwa Nasriya, dada yake Suud. Hapo ndipo Masouda alipodhani atasema. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, gari linashuka mlima wa Amerat, Hadeel nyuma kimya, kichwa kimeelekea dirishani. Lakini hata hawajanawa mikono Suud alimwambia dada yake, wali mezani na watoto wa watu wamezunguka:

"Huyu mtoto wa kaka yako siku hizi anaandika majina ya watu."

Nasriya akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna mwengine anayecheka, akamtazama Hadeel, akasema, "Astaghfirullah, mwanangu," na binamu mmoja akaacha kutafuna. Hadeel alikula matonge matatu zaidi, akanyanyuka kwa heshima akaenda kunawa.

Walipokuwa wanatoka, Suud alimshika Masouda mkono pembeni ya gari, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Mie naona nnamkera kila mtu," akasema. "Lakini nifanye nini? Nimebaki na wewe tu. Wewe ndiye mtu wa pekee ninayeweza kumpa mgongo bila hofu."

Yale maneno aliyoyapanga Masouda njia nzima yakaishia pale pale. Akaingia garini.

*

Jumamosi asubuhi mlinzi wa shule aliwasimamisha langoni. Shule ya wasichana, wanaume hawapiti bila barua. Mama apite, baba angoje. Suud alimweleza kuwa ni yeye aliyeitwa, kwamba jina lililo kwenye karatasi ni lake. Alieleza kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja, na mlinzi, kijana wa Kiarabu wa bara ya ndani ya nchi, alitabasamu kidogo kwa lafudhi ile, akamwonyesha pa kuegesha gari. Suud alirudi kwenye Corolla yake akaketi na kioo wazi.

Ustadha Nawar, mshauri wa wanafunzi, alimkaribisha Masouda kahawa na tende. Alikuwa mwanamke mpole mwenye faili safi. Hadeel alikuwa ameshaitwa, amesimama kando ya kabati.

"Umm Hadeel, baba yake alisema kwenye simu kuwa yeye hakutia saini," Ustadha akasema, akaisogeza fomu mbele. "Sisi tunaona saini ni ile ile iliyomo kwenye ripoti. Tumemuuliza binti, hasemi. Sasa kama si ya baba, mimi sina budi. Atatolewa kwenye masomo, na itaandikwa kwenye faili lake kuwa ameghushi. Mwakani akiomba cheti cha mwenendo mwema, hilo litaonekana."

Masouda aliitazama kazi yake mwenyewe. Ilikuwa nzuri sana. Hata Suud mwenyewe angeitambua kuwa yake.

Njia ilikuwa wazi mbele yake. Angeweza kusema ni ya baba, baba kasahau, mtu ana shughuli nyingi. Ustadha angefurahi kulifunga faili. Kisha angetoka nje amwambie Suud kuwa mtoto kakiri, na yamekwisha. Aliliona jambo hilo lote, na aliona jinsi lingekuwa jepesi. Akamtazama Hadeel. Hadeel alikuwa anamtazama, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, na machoni mwake hamkuwa na ombi lolote. Alikuwa anatazama tu aone mama yake atafanya nini, kama mtu anayesubiri matokeo ya jambo lisilomhusu.

"Ni mimi," Masouda akasema.

"Wewe vipi?"

"Mimi ndiye niliyetia. Mtoto hana kosa. Mie nilimwambia akae kimya." Hilo la mwisho halikuwa kweli. Hakuwahi kumwambia akae kimya. Mtoto alinyamaza mwenyewe.

Ustadha Nawar aliurudisha mkono wake kutoka kwenye sinia ya tende. "Umm Hadeel, wewe ni mfanyakazi wa serikali."

"Nnajua nnapofanya kazi."

"Mtu anaweza kushitakiwa kwa hili."

"Nnajua."

Ustadha akamwambia Hadeel arudi darasani. Kisha akatoa fomu mpya mezani, akasema kwa sauti kavu kuwa kama ikirudi kabla ya mapumziko na saini ya baba mwenyewe, ile ya zamani itachanwa. Isiporudi, atamwarifu mkuu wa shule. Hakumsindikiza mlangoni.

*

Suud alimwona anakuja, akafungua mlango wa upande wa pili kutoka ndani.

"Wamesemaje? Ni nani?"

Masouda aliketi, akafunga mlango, akaiweka fomu mapajani.

"Ni mimi, Suud."

Hakuelewa. Alimtazama kama aliyeambiwa neno kwa lugha asiyoijua, na Masouda ikabidi aseme tena, neno kwa neno: nilichukua fomu, nikaiweka juu ya mashine, nikatia jina lako. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo cha mbele. Mlinzi alikuwa anamwagia maji mti wake mdogo pale langoni.

"Nimemwandikisha mtoto jina langu mara kumi na mbili," Suud akasema mwishowe. "Wewe ulikuwa umekaa unachambua mchele."

"Nilikuwepo."

"Unatazama."

"Nikitazama."

"Hail pia."

"Na Hail pia."

Masouda alijiandaa kwa makelele, na angeyashukuru. Suud hakupiga kelele. Alitoa miwani yake mfukoni, akaipangusa kwa ncha ya kanzu, akaichukua fomu mapajani pa mkewe akaanza kuisoma. Aliisoma neno neno, midomo inacheza, kama anavyosoma karatasi za ghalani. Alipofika chini aliigeuza, na nyuma palikuwa na maandishi madogo.

"Hii uliisoma?"

"Ipi?"

"'Saa hizi huhesabiwa katika chuo hiki peke yake, na chuo hakiwajibiki kama hazitakubaliwa kwengineko.'" Akamtazama. "Akienda Chuo Kikuu cha serikali, hazina kazi. Akitaka zimfae, aende kwao, na huko si bure. Hii uliisoma, Masouda?"

Hakuwa ameisoma. Hakuwa hata ameigeuza karatasi. Aliona aibu iliyokuwa kali kuliko ile ya ofisini, maana hii ilimpa Suud haki, na hakujua mtu mwenye haki atamfanya nini.

"Mwite mtoto," Suud akasema.

Mlinzi alipeleka ujumbe, na baada ya muda Hadeel akaja hadi langoni. Suud alishuka garini, akamwonyesha yale maandishi madogo kwa kidole.

"Naijua, baba," Hadeel akasema. "Ustadha Sabah alitusomea siku ya kwanza. Alisema afadhali tujue mapema."

"Na bado unataka?"

"Sizitaki saa zao. Nnalitaka lile darasa."

"Lina nini?"

Hadeel alifikiri. "Walimu wengine wanatuambia tunakili ubaoni. Yeye anauliza, wewe unaonaje? Halafu ananyamaza, anangoja."

"Anangoja nini?"

"Nijibu."

Suud alisimama juani na karatasi mkononi. Labda alikuwa anakumbuka meza ya sebuleni na maswali yake mwenyewe. Kisha akaomba kalamu kwa mlinzi, akaiweka fomu juu ya boneti ya gari, akaitoa haraka kwa kuwa boneti ilikuwa inaunguza, akaandika juu ya kiganja cha mkono. Ilitoka mbaya, imepinda. Akaitoa simu ya Hadeel mfukoni akampa pamoja na fomu.

"Nilikukosea," akamwambia. "Kwa Nasriya nitakwenda mwenyewe kusema."

Na alikwenda kweli, Alkhamisi iliyofuata, peke yake.

*

Hadeel aliyamaliza masomo yale na akafaulu yote mawili. Mwaka uliofuata alipata nafasi Chuo Kikuu cha serikali, na huko, kama karatasi ilivyosema, zile saa sita hawakuzitambua. Lakini kwenye mtihani wa kuingilia Kiingereza chake kilimvusha muhula mzima wa matayarisho. Suud aliwaeleza watu habari ya zile saa kwa raha nyingi kuliko ya Kiingereza. "Nilisema mie," alikuwa akimwambia Bakhit. "Nilisema toka mwanzo."

Kwa mkewe hakurudi tena kwenye jambo lile, wala hakumnyima neno jema. Ila mwezi ule ule wa ile fomu, Masouda alipoona ripoti ya mtoto wa pili, chini yake palikuwa na saini asiyoijua: siin imefungwa duara, daal imekatwa kwa mstari. Akauliza ni nani aliyetia. Suud, bila kuinua macho kwenye gazeti, akasema ni yeye, benki wamemshauri abadilishe.

Siku chache kabla ya Hadeel kuhamia mabweni ya chuo, mama na binti walikuwa jikoni asubuhi wanasukuma chapati. Walikuwa wanazungumza habari za mashuka na mapazia, mara Hadeel akasema, bila kuacha kusukuma:

"Mama, zile siku nne. Ulikuwa unangoja nini?"

Masouda alikuwa na majibu mengi ya swali hilo. Alikuwa ameyatengeneza mwaka mzima: hofu, kazi, heshima ya nyumba. Akaweka donge la unga juu ya kibao, na hakupata hata moja lililofaa kusemwa mbele ya uso ule.

"Nilikuwa nangoja uchoke," akasema. "Unitaje wewe."

"Na ningekutaja?"

Mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi. Masouda akapunguza moto.

"Ningekataa. Ningesema muongo."

Hadeel akaigeuza chapati yake, akaipapasa kingo mpaka ikawa duara sawasawa.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikukutaja."